Pool Bila Dau, Inatazamika?

Wanaume wengi wa hapa chuoni wana uhakika na mambo mawili kuhusu pool. La kwanza, kwamba wanaijua. La pili, kwamba pool ya wale wanaolipwa, ile ya YouTube yenye refa aliyevaa glavu nyeupe, inaboa. Nimeisikia hoja hii kantini, nimeisikia kwenye kordo za hosteli, na wiki mbili zilizopita nikaisikia kwenye kikao cha wawakilishi wa serikali ya wanafunzi, lilipokuja suala la meza yetu ya pool: iondolewe au ibaki. Waliotaka iondolewe walisema pale pamegeuka pa kamari. Waliotaka ibaki walisema sawa, dau lipigwe marufuku, lakini meza iachwe. Ndipo akasimama ndugu mmoja wa mwaka wa tatu na kusema, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala, "Waheshimiwa, pool bila dau nani atakaa kuangalia?" Ukumbi ukacheka, ajenda ikaahirishwa.

Mimi sikucheka, maana nimeangalia pool bila kuweka hata shilingi kwa zaidi ya miaka kumi, na hakuna aliyenilazimisha. Kwa hiyo naomba nimjibu hapa kwenye jarida letu, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza kwa "taarifa, mheshimiwa".

Kwetu ni Manundu, Korogwe. Ukitoka Dar kwa basi la Moshi au Arusha, ukishaiacha njia panda ya Segera unakuja kwetu, na Manundu ni kata ya hapo mjini. Mama anauza chai na mihogo ya kukaanga kwenye baraza lililoinuka ngazi tatu kutoka barabarani. Ng'ambo, hatua kama ishirini, ipo meza ya pool chini ya bati. Ile meza ina historia. Mguu mmoja umewekewa jiwe. Kitambaa kilichanika kona moja kikashonwa kwa uzi wa kijani usiofanana nacho. Fimbo zipo mbili, na yenye ngozi nzima kichwani ni moja, kwa hiyo inapokezanwa kama kipaza sauti cha harusini. Enzi za Rais Magufuli, viongozi wa serikali walipoianzishia vita pool ya saa za kazi, meza ile ilikuwa inafunikwa turubai mpaka jioni. Sisi wa upande wa pili tulijua saa kwa turubai kuondolewa.

Msichana hasogei pale. Hakuna aliyeandika hiyo sheria, lakini simama dakika tano uone kama habari haijafika nyumbani kabla yako. Basi nilikaa nilikowekwa, nyuma ya karai la mihogo, na kwa kuwa baraza liko juu niliiona meza yote kuliko hata waliokuwa wameizunguka. Wale walikuwa bodaboda wanaosubiri abiria, makonda, vijana wa sokoni. Kila gemu ina dau lake, elfu moja, elfu mbili, na pembeni kuna dau la watazamaji kati yao wenyewe. Kelele zote unazozisikia kwenye meza ya mtaani ni kelele za hilo dau la pembeni.

Kwenye baraza letu alikuwepo, na yupo mpaka leo, fundi cherehani mmoja ambaye namwita babu ingawa hatuna undugu. Yeye hachezi. Haweki dau. Lakini mguu ukiwa kwenye pedali, macho yako ng'ambo. Nikiwa darasa la tano akaanza kunichokoza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Haya, huyu wa fulana nyekundu anapiga ipi?"

Nikitaja mpira, na kijana akaupiga huohuo, babu ananipa kifungo kimoja kutoka kwenye kopo lake. Nikikosea narudisha kimoja. Mama alilalamika kwamba mtoto anafundishwa kamari, na najua yule ndugu wa mwaka wa tatu akisoma hapa atapiga kelele kwamba vifungo nalo ni dau. Sawa, ni dau. Ila halikuwa dau la nani atashinda. Hatukujali kabisa nani anashinda. Tulikuwa tunabishana juu ya kitu kilichomo kichwani mwa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba watu wale wote hawaangalii mchezo mmoja. Mwenye hela yake mezani anaangalia mpira unaoingia shimoni. Ukiingia anaruka, ukigoma anashika kichwa. Babu alikuwa anaangalia mweupe. Rangi ikishaanguka imeondoka, haina kazi tena. Mweupe ndio unaobaki, na mahali ulipobaki ndipo gemu ilipo. Mara nyingi alisema "kaisha huyu" wakati mtu amefunga mpira mzuri na uwanja mzima unamshangilia, na kweli, pigo la pili baadaye jamaa anajikuta mweupe umejificha nyuma ya mpira wa mwenzake, hana pa kupita.

Mnisamehe wanaojua, niwaeleze kidogo wasiojua. Mipira inayofungwa ni 15. Mmoja wao, namba nane, ni mweusi. Iliyobaki imegawanyika makundi mawili ya 7, kwenye meza nyingi rangi nzima kwa mistari, kwenye nyingine nyekundu kwa njano. Unamaliza 7 zako kisha unamfunga mweusi. Ukimfunga kabla ya zamu yake umepoteza gemu. Kwa maelezo hayo mtu anadhani ni mchezo wa kulenga. Kulenga ni robo tu, na ndiyo robo nyepesi. Kazi yenyewe ni kuchagua: kati ya 7 zako uanze na upi, umalizie na upi ili mweupe ukakae mahali pa kumwona mweusi. Ipo mipira iliyogandana ambayo lazima uitenganishe, na mjuzi anaitenganisha mapema, wakati bado ana mpira mwingine wa wazi wa kukimbilia mambo yakiharibika. Asiye mjuzi anafunga kwanza yote rahisi kwa shangwe, anabaki na miwili iliyokumbatiana ukutani, halafu analaumu meza. Nimeona hii mara nyingi kiasi kwamba nikisikia mtu anasema ataanza na maswali mepesi kwenye mtihani wa chuo, roho inanidunda.

Sasa hao wanaolipwa. Mara ya kwanza kuwaona ilikuwa mwaka wa kwanza, kwenye simu, baada ya kupata bando la usiku. Niseme ukweli: nilisinzia. Malalamiko ya wanaume wa kantini yana msingi. Mtu anapasua, mipira inatawanyika, anazunguka meza, anafunga, anafunga, anafunga, anamfunga mweusi, basi. Mpinzani wake muda wote huo amekaa kwenye kiti na chupa ya maji kama mgonjwa anayesubiri majibu. Hakuna kukosa. Hakuna mpira wa ajabu. Kila pigo lake hata mimi ningeweza kulipiga, ndivyo inavyoonekana. Manundu kila gemu ina ajali tatu au nne, na ajali ndizo zinazofanya watu wasimame. Huku hakuna ajali, na meza imenyooka, kwa hiyo hata jiwe la mguuni hakuna wa kulisingizia.

Nilichofanya ni kurudia ileile video, nikawa naisimamisha. Kabla ya kila pigo: anapiga upi? Mipira mitatu ya kwanza nikakosa mitatu. Mimi, niliyejaza kopo la vifungo! Nikarudi nyuma kuangalia kwa nini, na ndipo nikaona kwamba mpira aliouchagua kwanza, ambao kwangu ulikuwa mgumu bila sababu, ulikuwa umeshika mlango wa mingine miwili. Na alipoupiga, mweupe ulirudi nyuma kama shubiri mbili tu ukasimama. Ule urahisi uliokuwa unanisinziza alikuwa ameutengeneza mwenyewe, pigo kwa pigo, kwa kuhakikisha kwamba kila mara anabakiwa na kitu chepesi. Mtu anayepiga mipira ya ajabu kila mara ni mtu ambaye mweupe wake unamkimbia.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani hata wapenzi wa mchezo hawalizungumzi vya kutosha. Televisheni za huko nje zimependelea zaidi pool ya mipira tisa kuliko hii yetu ya nane. Mashindano maarufu kama Mosconi Cup, ya Marekani dhidi ya Ulaya, yaliyoanza mwaka 1994, ni ya mipira tisa. Sababu ni rahisi: kwenye tisa, mweupe lazima uguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyopo mezani. Mtazamaji anajua kabisa unaofuata ni upi, anasubiri kuona utaingiaje. Ni tamu kwa macho. Lakini kwenye nane hakuna anayekuambia unaofuata. Mchezaji anachagua, na wewe uliyekaa unaweza kuchagua naye, kumpinga, kumzomea kimoyomoyo, kisha ukaona nani alikuwa sahihi. Kwenye tisa ninakuwa mtazamaji. Kwenye nane ninakuwa na maoni. Kwa mtu anayesomea ualimu, na ambaye kazi yake yote itakuwa kukisia mwanafunzi anafikiri nini kabla hajaandika jibu, hiyo ya pili ndiyo yenye raha.

Jina ambalo ningependa wapinzani wangu waanze nalo ni Efren Reyes wa Ufilipino. Ni mzee sasa, alizaliwa 1954, na ukimwona bila kuambiwa utadhani ni mmoja wa wale wa baraza letu: mwembamba, mpole, meno ya mbele hana. Alikulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake Manila, na utotoni alikuwa akilala juu ya meza zenyewe. Mwaka 1999 alichukua ubingwa wa dunia wa mipira tisa, na mwaka 2004 akachukua wa mipira minane huko Fujairah, Falme za Kiarabu. Wamarekani walimpa jina la mwanamazingaombwe kwa sababu ya jinsi anavyoutoa mweupe mafichoni kwa kuugongesha kwenye kuta za meza. Lakini hayo ya mazingaombwe wekeni pembeni kwanza. Mwangalieni kwenye mipira minane, jinsi anavyosimama akiitazama meza kabla ya pigo la kwanza, akijikuna kichwa. Pale ndipo gemu inapochezwa, dakika hiyo ya kujikuna.

Ni lazima niwe mkweli pia, kwa sababu Reyes huyuhuyu ananiharibia hoja. Mwaka 1985 alikwenda Marekani akicheza kwa jina la bandia, Cesar Morales, kwa sababu huko sifa zake zilikuwa zimeshatangulia na hakuna ambaye angekubali kuweka hela dhidi yake. Yaani mchezaji huyu ninayemtumia kutetea pool isiyo na dau alipikwa kwenye dau. Sina namna ya kulikwepa hilo, na sidhani kama mchezo huu una bingwa ambaye hakupita huko kwa namna moja au nyingine.

Hata walipojaribu kuondoa uchochoro na kuleta hela za wazi, mambo hayakwenda vizuri. Katikati ya miaka ya 2000 mfanyabiashara wa Marekani, Kevin Trudeau, alianzisha International Pool Tour, ligi ya mipira minane pekee yenye zawadi ambazo pool haikuwahi kuziona. Mwaka 2006 huko Reno, Reyes alimshinda Mmarekani Rodney Morris kwenye fainali. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 500,000. Halafu waandaaji wakashindwa kulipa zawadi kwa wakati, wachezaji wakawa wanadai, na ligi ikafa. Nikiifikiria fainali ile huwa najiuliza wangecheza vipi kama wangejua. Naamini wangecheza vilevile. Nimeitazama mara kadhaa, na katika kutazama kwangu hizo dola hazijawahi kunisaidia chochote.

Waingereza wamekuja na dawa nyingine. Wana mashindano ya Ultimate Pool, kwenye meza ndogo za futi 7, na wameweka saa: mchezaji ana sekunde 30 za kupiga, na mechi ikielekea mwishoni zinapungua kuwa 15. Watu wa kantini watapenda hii. Mchezaji anakimbia kuzunguka meza, mikono inatetemeka, makosa yanarudi, na makosa yakirudi kelele zinarudi. Mimi naona wamepata kelele wakapoteza kujikuna kichwa. Kwenye darasa la saikolojia ya elimu tulisoma utafiti wa Mary Budd Rowe wa miaka ya 1970, kwamba mwalimu wa kawaida akiuliza swali hasubiri hata sekunde mbili kabla ya kumrukia mwanafunzi mwingine, na kwamba akisubiri sekunde tatu tu majibu yanakuwa marefu na bora. Sekunde 30 ni nyingi kwa mwanafunzi. Kwa meza yenye mipira iliyogandana kona mbili, bado ni chache.

Nyumbani je? Pool ya mashindano tunayo. Kipo Chama cha Pool Tanzania, TAPA, na kwa miaka kadhaa kulikuwa na mashindano ya taifa yaliyodhaminiwa na bia ya Safari Lager, pamoja na mashindano ya vyuo vya elimu ya juu. Ndiyo, vyuo vikuu vya nchi hii vilishindana pool kwa hisani ya bia. Simlaumu mtu, mdhamini ni mdhamini, lakini ilikuwa inaeleza waziwazi mchezo huu unadhaniwa unaishi wapi. Anayetaka kuangalia anatarajiwa kuwa na chupa mkononi, na msichana akiwa pale anatarajiwa kuwa anahudumia.

Narudi kwenye meza yetu, maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili, kijana mtaratibu tu, aliliacha bumu lake lote pale ndani ya siku nne. Hakuwa mchezaji mbaya. Alikuwa akifunga mipira ya ajabu na watu wanampigia makofi, na kila alipopoteza alikuwa na uhakika kwamba ni bahati. Mwezi uliofuata alikuwa anakula kwa zamu kwenye vyumba vya wenzake. Nilimwona akicheza siku ya tatu, nikiwa napita na daftari zangu. Mweupe wake ulikuwa unazurura meza nzima. Yeyote aliyewahi kukaa na babu angemwambia akafungashe. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamesimama pale, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia mchezo. Walikuwa wanaangalia noti zilizobanwa chini ya chaki.

Wanaotaka meza iondolewe wananikumbusha kijana huyo, na ninawaelewa. Lakini meza ikiondolewa kantini, dau litahamia nje ya geti, kwenye meza ambayo hatuna hata mwakilishi wa kuiuliza. Na ikibaki bila dau, huku watu hawajawahi kuangalia pool kwa macho mengine, yule ndugu atakuwa amesema kweli: hakuna atakayekaa.

Kwa hiyo nimeanza kujaribu. Alhamisi mbili zilizopita tulikaa watu saba kwenye chumba cha televisheni, tukaunganisha kompyuta yangu, tukaweka fainali ya Reno. Masharti mawili tu: video inasimamishwa kabla ya kila pigo, na kila mtu anataja mpira na mahali mweupe utakapokaa. Gemu ya kwanza ilikuwa kimya. Ya pili wakaanza kubishana. Kufikia ya nne, dada mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye hajawahi kushika fimbo maishani mwake, alikuwa amepatia mapigo matano mfululizo, na wanaume wawili wanaojiita mafundi walikuwa wanadai Reyes mwenyewe amekosea kuchagua. Mmoja aliondoka mapema, akasema bora angekuwa anaangalia ligi. Mwingine alibaki hadi mwisho na bado anasema ukimwekea elfu mbili ingekuwa tamu zaidi. Sijamshinda huyo, na sidhani kama nitamshinda.

Likizo ya Pasaka nilimwonyesha babu fainali hiyohiyo kwenye simu. Alivaa miwani, akaizima sauti kwa sababu watangazaji wanaongea mno, akawa anagusa kioo kwa kidole kuonyesha mpira kabla haujapigwa. Alipatia karibu yote. Kilichomshangaza ni kimoja: kwamba mzee yule anaruhusiwa kufikiri muda wote huo na hakuna anayempigia kelele.

Alhamisi hii tupo tena, saa mbili usiku, chumba kilekile. Safari hii ni mechi ya Waingereza ya sekunde 30, tuone nani atasema nini. Njooni na kiti, viti havitoshi. Hela acheni chumbani; vifungo ninavyo, kopo zima.